Bei ya Watu Wawili

Kila jioni, ofisi zikishafungwa, duka kubwa lililo karibu na stendi huugua ugonjwa wa ajabu. Watu wazima wenye tai na mikoba ya ngozi husimama mbele ya friji la maziwa wakisoma maandishi ya kopo la mtindi, mbele na nyuma, kama wana mtihani kesho. Hawasomi lolote. Wanamngoja kijana mwenye aproni ya kijani na mashine ndogo ya kubandika stika.

Kazi ya kijana yule ilikuwa kushusha bei. Mkate uliopoa, maziwa yaliyokaribia kuisha muda, keki iliyoanza kukunja uso, vyote vilipita mikononi mwake. Alibandika stika nyekundu, bei ikaanguka, na watu wakavamia rafu kama kuku waliotupiwa mtama. Wenzake walimwita Punguzo. Wateja walimwita Punguzo. Mama yake mzazi, aliyempa jina zuri tu la babu yake, alikataa kwa muda mrefu, kisha naye akasalimu amri.

Jioni hiyo alikuwa amefika rafu ya keki. Kabla hajaishika ya mwisho, mkono wa mtu ukapita chini ya kwapa lake na kuibeba.

“Dada, hiyo bado bei kamili,” alisema bila kugeuka.

“Basi ibandike.”

“Kuna foleni.”

“Foleni ipi? Hawa wote si wako maktaba?”

Wasomaji wa mtindi wakacheka, mmoja akarudisha kopo kwa aibu. Punguzo akageuka. Aliyesimama mbele yake alivaa koti jeupe la kazini, kola imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate, viatu vya kijani visivyo na kisigino, na miwani ya fremu nyekundu iliyoteremka hadi katikati ya pua. Mashine ikalia tak. Punguzo akatazama chini. Stika ilikuwa imekaa kwenye kidole gumba chake mwenyewe.

“Umejishusha bei,” yule dada akasema.

“Nimekaa rafuni muda mrefu.”

“Na bei unazisoma ukiwa umezigusisha pua. Macho yako mabovu, unajua?”

“Bei naziandika mwenyewe, dada. Sina haja ya kuzisoma.”

“Ndiyo maana jana nimeuziwa jibini kwa bei ya kiberiti.” Akambandua stika kidoleni, akaipachika kwenye keki, akashika njia ya kaunta. Hatua chache mbele akageuka. “Duka la miwani, ng'ambo ya barabara. Kupima ni bure.”

Sura peke yake ingemnyima Punguzo usingizi. Lakini sura pamoja na neno “bure” vilimvusha barabara asubuhi iliyofuata hata kabla duka halijapandisha shata.

Alipimwa. Akaketi kwenye kiti kirefu cheusi, akasoma herufi ukutani, na zile za chini akazitunga. Alipoambiwa anahitaji miwani aliuliza kama zipo fremu za mwaka jana, akaambiwa zipo, akauliza kama zipo za mwaka juzi. Yule dada, maana ndiye mpima macho, alimwekea lenzi, akamsukumia fremu masikioni kwa vidole vilivyonukia sabuni ya limau, na Punguzo akamwona kwa mara ya kwanza bila ukungu.

“Sasa unaona nini?” akaulizwa.

“Naona hasara inakuja.”

Tangu siku hiyo akamwita Miwani, naye akaitwa Punguzo kwa sauti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuitumia. Walikula keki za stika kwenye benchi nje ya duka. Walikwenda sinema mchana wa katikati ya wiki, tiketi zinapokuwa nafuu, wakakaa peke yao ukumbini kama mabalozi. Kwa siku yake ya kuzaliwa Miwani alipewa ua moja, siku moja baada ya tarehe yenyewe. Alicheka akalipokea. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutapanya: alilelewa na shangazi yake, mshona mapazia, katika nyumba ambayo kipande cha kitambaa hakikutupwa mpaka kikatae chenyewe kushonwa. Alipenda jinsi Punguzo alivyohangaika. Aliona ni mtu anayekitazama kitu mpaka akijue.

Kitu kimoja tu alikitaka bila kuuliza bei yake: meli.

Mteja mmoja, mzee mwenye mtoto wa jicho, ndiye aliyempandikizia maradhi hayo. Alimsimulia alivyosafiri na mkewe kwenye meli ya kitalii, zile kubwa zenye ghorofa kama hospitali, na jinsi mtu anavyolala katika mji huu na kuamka katika mji mwingine bila kufunga begi. Miwani hakuwahi kuamka mahali pengine zaidi ya chumba kilichojaa mapazia ya watu. Akaanza kuweka akiba. Duka la miwani hufungwa wiki moja kila mwaka, mwenye duka akienda kwao. Likizo ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Na mwaka huu kulikuwa na meli inayoondoka wiki hiyo hiyo.

Alipomwambia Punguzo, macho ya Punguzo yalimetameta nyuma ya fremu za mwaka juzi.

“Mpenzi, unajua bei za meli zinapanda na kushuka kama lifti?”

“Najua bahari ni ya buluu. Inanitosha.”

“Niachie mimi.”

Akaachiwa. Kwa wiki kadhaa hakuzungumza lingine. Simu ya Miwani ikilia saa ya chakula, hakuna salamu.

“Chumba kisicho na dirisha ni nafuu kuliko vyote.”

“Nami sijambo, asante.”

“Samahani, kipenzi. Hujambo? Kisicho na dirisha. Ukishafumba macho, dirisha la nini?”

“Punguzo, naenda kuona bahari.”

“Bahari iko juu, kwenye sitaha, na huko hailipiwi. Halafu tukiwaachia wao watuchagulie chumba, bei inashuka tena. Vinywaji tunalipia kabla ya kupanda, mle ndani soda moja bei yake utadhani wameichota kisimani mwa mfalme. Na bandarini hatupandi mabasi yao. Tunashuka, tunatembea kwa miguu yetu.”

“Na chakula?”

“Kimo kwenye bei. Unakula mpaka meli inainama.”

Alicheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti cheusi akauliza kama na yeye asome kicheko hicho au arudi kwenye herufi.

Tatizo lilikuwa Shangazi. Shangazi hakupinga safari. Alikuwa amepiga goti chini ya pazia la mtu, pini mdomoni, Miwani alipomweleza.

“Nenda, mwanangu. Dunia ni ya kutembea,” alisema kupitia pini. “Vyumba viwili lakini.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Siyo vitanda viwili. Vyumba viwili. Na mlango wa kila kimoja uwe na kitasa kinachofanya kazi.”

Hivyo ndivyo walivyofika kwa wakala wa safari, chumba chembamba juu ya duka la vipuri, ambako dada mwenye kucha ndefu za zambarau alibonyeza kompyuta kwa ncha za vidole kama anayeogopa kuiamsha. Miwani alikuwa amevaa gauni lake la maua ya manjano. Punguzo alikuwa amevaa shati aliloliita jipya.

“Bei mliyoiona ni ya mtu mmoja, kwa watu wawili chumba kimoja,” dada wa kucha akaeleza. “Mtu akilala peke yake analipa karibu mara mbili. Meli haiuzi kitanda, inauza chumba.”

Punguzo akahesabu kwa vidole. Kisha uso wake ukafunguka, ule uso wa mtu aliyeona kuku mzima nyuma ya rafu akiwa na bei ya robo.

“Sasa mbona rahisi,” akasema. Akamgeukia Miwani. “Tuoane kabla ya safari. Tunaokoa karibu chumba kizima.”

Kucha za zambarau zikasimama juu ya kibodi. Chini, kwenye duka la vipuri, mtu alikuwa anagonga chuma. Miwani aliivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

“Nitafikiria,” akasema, na akasimama.

Wakashuka ngazi. Huko nje, jua likiwachoma utosini, Punguzo akamshika kiwiko.

“Kwani nimesema vibaya?”

“Umenichumbia mbele ya mashine ya risiti.”

“Nakupenda, na ni nafuu. Vyote viwili ni kweli.”

“Kimoja umekitaja. Kingine umekikumbuka hapa barabarani.”

“Miwani.”

“Nimesema nitafikiria. Niache nifikirie.”

Alifikiria. Alifikiria akikata lenzi mpaka akakata moja ya kushoto badala ya kulia. Alifikiria akishika kitambaa ili Shangazi apime. Kama kusingekuwa na meli, yule angesema lini? Na kama meli ingeuza vitanda kimoja kimoja? Swali lilikuwa dogo kama kokoto ndani ya kiatu, na kama kokoto, lilikuwepo kila hatua.

Punguzo naye alifanya kosa ambalo labda ni yeye peke yake duniani angelifanya. Kazini kwake, kitu kikikaa bila kuchukuliwa, unafanya jambo moja: unangoja. Bei itashuka. Kwa hiyo alivyoona Miwani kanyamaza, alidhani anaona gharama bado ni kubwa, akaamua kungoja bei ya meli ianguke ili ampelekee habari njema. Hakulipa hata malipo ya awali. Hakurudia neno la ndoa. Kila asubuhi aliingia mtandaoni, akaitazama meli kama anavyotazama mkate saa tisa mchana.

Alipiga simu kila siku, mchangamfu kama redio.

“Habari ya macho yangu?”

“Macho yapo. Umelipa?”

“Bado. Watashusha.”

“Dada wa kucha kaniambia vyumba vinaisha.”

“Huyo ni muuzaji, mpenzi. Kazi yake kukutia hofu. Meli haitaki kuondoka na vyumba vitupu. Chumba kitupu ni kama mkate wa jana, mwenyewe atakubembeleza.”

“Na visipobaki?”

“Huwa vinabaki.”

Miwani akatazama nje ya dirisha la duka. Ng'ambo, jioni ilikuwa inaingia, na wasomaji wa mtindi walikuwa wameanza kukusanyika.

“Na mimi?” akauliza.

“Wewe nini?”

“Na mimi unaningoja nishuke?”

Miwani akaligeuzia dirisha mgongo.

“Niambie, Punguzo. Nimebakiza siku ngapi? Stika yangu utakuja kuibandika lini?”

“Miwani, sikiliza—”

“Nimesikiliza tangu ua la siku ya pili. Nilidhani unabana matumizi. Kumbe unabana hata moyo.” Akakata.

Punguzo alipopiga tena, simu haikupokelewa. Alipopiga mara nyingine, ilikuwa imezimwa. Akamtumia ujumbe: “Tuzungumze.” Ujumbe ukasomwa, ukaachwa pale pale kama chombo kichafu.

Miwani alimweleza Shangazi yote, machozi yakidondokea pazia la mteja, na Shangazi akalisogeza pazia taratibu bila kumkatisha.

“Anakupenda?” Shangazi akauliza mwishowe.

“Sijui. Hicho ndicho kinachonimaliza, Shangazi. Angekuwa hanipendi ningejua la kufanya.”

“Mimi nilimngoja mtu. Na yeye alikuwa ananingoja nimngoje. Ngojangoja huumiza matumbo, mwanangu. Mimi langu liliuma mpaka likanyamaza.” Akauma uzi. “Nenda peke yako kwenye hiyo meli.”

“Akiba yangu haitoshi chumba cha peke yangu.”

“Basi kaa. Lakini usikae kwenye rafu.”

Likizo ilikuwa inakaribia. Kila Miwani alipoikumbuka, aliiona: wiki nzima ndani ya chumba cha mapazia, akisikiliza cherehani, huku meli ikiondoka na kila kitu.

Kwa Punguzo nako hakukuwa na nafuu. Hamu ya kula iliondoka, na hakuna aliyeamini, maana alikuwa anaacha chakula cha bure. Alibandika stika juu ya stika. Aliuza siagi kwa bei ya chumvi. Meneja alimtazama siku mbili, akamhamishia zamu ya asubuhi, kwenye rafu ya mikate, mahali ambapo hakuna kitu cha kushusha.

Hakuwahi kuwaona watu wa asubuhi. Alijua wapo, kama mtu anavyojua kuna nchi za barafu. Waliingia wakiwa na usingizi usoni, wakachukua mkate wa moto unaofukuta ndani ya karatasi, wakalipa bei iliyoandikwa, wakaondoka. Hawakusoma chochote. Hawakumwona hata yeye. Mkate wote mzuri ulikwenda nao, na Punguzo akatambua kwamba miaka yote alikuwa anashusha bei za vitu ambavyo watu hawa walikuwa wamekwisha kuvipita.

Mwanamume mmoja aliyevaa kaptura na kandambili alinyoosha mkono kuchukua mkate. Punguzo hakuweza kujizuia.

“Kaka, huo jioni utakuwa nusu bei.”

“Najua.”

“Sasa mbona hungoji?”

Yule mtu akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. “Mke wangu anakula sasa hivi,” akasema, akaenda zake.

Simu ya Punguzo ikatetemeka mfukoni. Alikuwa dada wa kucha.

“Kaka, ile meli yako. Vimebaki vichache kabisa, na bei imepanda tangu jana.”

“Imepanda?”

“Imepanda. Bado unangoja?”

Punguzo aliivua aproni ya kijani kupitia kichwani, miwani ikamtoka, akaiokota, akaivaa juu chini. Zamu ilikuwa haijafika nusu. Alimwambia meneja anaumwa, na kwa jinsi alivyokuwa, meneja alimshauri apande teksi. Akapanda teksi kwenda kwa dada wa kucha. Hakumuuliza dereva bei kabla ya kuketi, na kama kuna mtu aliyemjua angemwona, angepiga simu kwa ndugu zake.

Aliporudi, duka la miwani ng'ambo ya barabara lilikuwa limefurika. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kila mzazi alikuwa ameleta macho ya mtoto. Miwani alikuwa ameinama mbele ya binti mdogo, koti jeupe, kola kali kama kawaida, ila viatu vya kijani vilikuwa vimeachwa nyumbani na mahali pake pakawa na vyeusi. Alimwona Punguzo akiingia. Moyo wake ukapiga mara moja kwa nguvu, kisha akauambia ukae chini.

“Nafasi yako ni ya mwisho,” akasema.

“Nitakaa foleni.”

Akakaa. Watoto wakapimwa, mama mmoja akabishana kuhusu fremu, mzee mmoja akaja kukazwa skrubu. Punguzo alikaa katikati ya watu, kila mteja akitoka yeye akisogea kiti kimoja. Miwani hakumtazama, na kwa kutomtazama alijua kila alipofika. Hatimaye kiti cheusi kikabaki kitupu, akakikalia.

“Funika jicho la kulia,” Miwani akasema. “Soma.”

“Nimelipia meli.”

Mkono uliokuwa umeshika lenzi ukashuka. “Nani kakwambia bado nataka kwenda?”

“Hakuna. Nimelipia tu. Vyumba viwili.”

“Viwili?”

“Kimoja chako, kimoja changu. Chako kina dirisha. Changu hakina, mimi nitafumba macho.”

Miwani akavuta kigoda, akaketi. “Bei ilikuwa imeshuka?”

“Imepanda.”

“Na ukalipa.”

“Nikalipa. Akiba yako iache ilipo, sikuigusa. Nililipa bei kamili, Miwani. Ya mtu mmoja mmoja. Hakuna hata senti tuliyookoa.” Akakuna kichwa. “Ila... nilichukua zile tiketi zisizorudishwa na zisizobadilishwa jina. Zina nafuu kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe, sikuweza kuuzuia.”

Miwani akaziba mdomo. Mabega yakamcheza, na Punguzo, ambaye hakuona kama ni kilio au kicheko, akajawa na hofu kuliko siku zote.

“Kwa hiyo hutaki tena kunioa,” alisema alipoweza kusema. “Umeshapata vyumba vyako viwili.”

“Ndiyo nataka kukwambia. Subiri. Nilifanya mazoezi kwenye teksi.”

“Ulipanda teksi?”

“Usinivuruge.” Akaiondoa miwani yake, labda ili asimwone vizuri. “Ile siku nilikuomba ndoa ikiwa nafuu. Leo siyo nafuu. Leo ukinikubali, chumba kizima kinakwenda bure, tumekilipia na hatukihitaji, na hawarudishi. Nikikuoa kabla ya safari napata hasara. Kwa hiyo nakuomba leo. Nioe... yaani, nikuoe. Nakuomba tupate hasara.”

Kwenye benchi la wateja hakuna aliyekuwa anapumua. Mzee wa skrubu, ambaye skrubu yake ilikazwa zamani, alikuwa bado yupo.

“Na nikikataa?” Miwani akauliza polepole.

“Utakwenda. Una dirisha lako. Mimi nitakula saa ambazo wewe huli.”

“Na nikitaka kufikiria?”

“Fikiria.”

“Hutashinda unaniambia mambo ya bei?”

“Sijui bei ya leo. Sijaangalia.”

Miwani akamtazama yule mtu bila fremu zake, macho yakiwa madogo na mekundu kwa kukesha, na kokoto iliyokuwa ndani ya kiatu chake akaitafuta, akaikosa. Akaichukua miwani mkononi mwake, akaipulizia, akaifuta vizuri, akamvalisha, akamsukumia masikioni kama siku ya kwanza.

“Nimekubali,” akasema. “Lakini mwambie Shangazi wewe mwenyewe. Na anza na habari ya vitasa.”

Walifunga ndoa katika ofisi ya serikali, asubuhi, Miwani akiwa na gauni jeupe lililoshonwa na Shangazi kwa kitambaa ambacho kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakikuwa mabaki ya kazi ya mtu. Shangazi alilia kwa adabu, akala keki kubwa iliyonunuliwa ikiwa mpya, kisha akamvuta bwana harusi kando.

“Sasa hicho chumba cha pili si mnipe mimi?”

“Jina halibadilishwi, Shangazi. Nilichukua ya nafuu.”

“Rahisi huvunja upishi,” akasema Shangazi, akaenda kutafuta kipande kingine cha keki.

Meli iliondoka adhuhuri. Ilikuwa kubwa kuliko mzee wa mtoto wa jicho alivyosema. Bibi harusi alisimama kwenye dirisha lake mpaka nchi kavu ikawa uzi, kisha ikawa hakuna, na alipogeuka alikuta mumewe ameketi kitandani anatabasamu huku mguu mmoja ukigonga sakafu. Waliamka katika mji mwingine. Walishuka wakatembea kwa miguu yao. Walikula mpaka wakaionea meli huruma. Hata hivyo Miwani aliona jambo. Kila walipopita kwenye korido fulani, Punguzo alipunguza mwendo, akautazama mlango mmoja, akaendelea. Hakusema kitu. Yeye pia hakuuliza, na kutouliza kukaanza kumkereketa.

Mchana mmoja, meli ikiwa katikati ya maji, Miwani alijilaza kidogo na alipoamka hakumwona. Hakuwepo kwenye sitaha. Hakuwepo kwenye ukumbi wa chakula, na hilo ndilo lililomtisha. Alishuka ngazi za zulia haraka haraka, gauni la maua ya manjano likimpiga magotini, kifua kikianza tena nyimbo zake za zamani: amejuta, amepiga hesabu, ameona alichopoteza. Akafika kwenye ile korido. Mlango ulikuwa umeegeshwa.

Ndani mlikuwa na giza tupu, giza la chumba kisichojua kama nje ni mchana. Mwanga wa korido ulimwonyesha mumewe amelala chali juu ya kitanda kilichotandikwa, viatu mguuni, mikono kifuani.

“Unafanya nini humu?”

“Kinaniuma.”

“Nini?”

“Hiki. Hakuna mtu aliyekilalia hata mara moja. Nikasema nikilalie kidogo.”

Miwani alisimama mlangoni. Meli iliyumba taratibu, na chini ya sakafu injini ilinguruma kama cherehani la mbali.

“Punguzo. Unajuta?”

Alisikia godoro likilia, mtu akigeuka upande wake.

“Nilikuwa nawaza,” sauti ya mumewe ikasema gizani, “kumbe kwa ajili yako ningelipia hata cha tatu.”

Miwani akaufunga mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia, na pasipo kuona kitu, akapapasa ukuta hadi kitandani.

“Sogea,” akasema.